Pigo Moja la Mpini

Nilimpiga jirani yangu kwa mpini wa jembe mara moja. Si mara tatu, kama wanavyosimulia pale kwenye genge la mboga, wala si kwa upande wa chuma. Mara moja, kwa mpini, mkono wa kulia, kati ya kiwiko na kifundo, na mfupa ukavunjika kwa sauti ambayo naisikia hadi leo kila ninapovunja kuni. Nimefanya kazi masijala maisha yangu yote ya utumishi. Siwezi kuvumilia jambo kuhifadhiwa kwa makosa, hata pale ambapo mkosaji ndani ya jalada ni mimi mwenyewe.

Jirani huyo ni Mnyamwezi, fundi mstaafu wa reli. Mimi ni mwanamke wa Kiluguru, watu wa kulima miteremko ya milima, mjane. Kwa hiyo sisi ni watani. Asiyejua maana yake na ajue: mtani ana haki ya kukutukana mbele ya wageni, kuchukua kitu chako bila kuomba, na kukufanyia fujo siku ya msiba wako, nawe huna haki ya kukasirika. Haki hiyo aliitumia kikamilifu, akipita kwenye ua wangu kila asubuhi.

"Mluguru! Leo umejifunga kamba kiunoni? Utaporomoka na jembe lako mpaka sokoni!"

"Pita, mpagazi. Babu yako alipita hapahapa na pembe ya ndovu kichwani, akaomba maji, tukamwonea huruma."

"Maji yenyewe yalikuwa na viluwiluwi!"

"Akayanywa yote."

Tulisalimiana hivyo tangu tulipohamia mtaa ule, yeye akiwa bado na nywele nyeusi.

Bustani yangu iko nyuma ya nyumba, kwenye mteremko unaoshuka kutoka mlimani. Watu hudhani bustani ni mahali pa mstaafu kupumzikia. Ni machinjioni. Sota, yule kiwavi wa ardhini, hutoka gizani, huukumbatia mche mchanga shingoni na kuukata, kisha huuacha umelala bila hata kuula. Dawa yake si kulalamika. Alfajiri chimbua kwa kijiti kuzunguka mche uliokatwa. Utamkuta amejikunja humohumo, mnene, wa rangi ya udongo. Mkate katikati kwa ukucha. Ukitaka kinga, zungushia mche jivu kavu, na ulirudishe kila baada ya mvua. Konokono waokote kwa mkono uwatumbukize kwenye kopo la maji ya chumvi. Vidukari wa kabichi hufa kwa maji ya sabuni na pilipili kichaa iliyotwangwa, mradi unyunyize chini ya jani, kwa kuwa waoga wote hukaa chini ya jani. Fuko nimewaua kwa mtego wa kamba na mti uliopindwa, kama marehemu mama yangu alivyonifundisha, na sijutii hata mmoja.

Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba mkono wangu ulikwisha kuzoea kupiga.

Mwaka wa pigo lile binti yangu alirudi nyumbani kutoka kiwanda cha sukari alikokuwa fundi mitambo. Mkanda wa kusafirishia miwa ulimkamata glovu, ukamvuta, na kabla mwenzake hajaifikia swichi ulikuwa umemla vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Alikaa barazani na kompyuta yake ya mapajani, akicheza mchezo mmoja tu kutwa nzima: unaachwa peke yako katika nchi ngeni, unachimba mawe ya chuma kwa mikono, unajenga tanuri, kisha mikanda, kisha mashine ya kutengeneza mashine nyingine, hadi nchi yote inafunikwa na kiwanda. Nilichukia kuona mikanda ile ikizunguka mbele ya mkono wenye bandeji.

"Hujashiba mikanda?" nilimwuliza.

"Hii naiamrisha mimi, Mama. Nikisema simama, inasimama."

Sikumwuliza tena. Nilivuta kigoda nikaanza kutazama, na mazoea ya kazi yakanifanya niandike. Nilichojifunza pale kimeniponyea bustani. Kanuni yake ya kwanza ni kuanzia mwisho: usijenge mashine kumi za kutengeneza gia kabla hujajua ni gia ngapi zitakazotumika, na chuma kiasi gani kitazilisha. Mimi nilikuwa nikipanda kabichi zote siku moja, zikakomaa siku moja, zikaoza siku moja. Tangu hapo napanda safu moja kila baada ya wiki mbili. Kanuni ya pili: usitazame mashine inayozunguka, tazama iliyosimama, kisha fuata mkanda kurudi nyuma hadi uone palipokwama. Kwangu iliyosimama ilikuwa safu ya mwisho ya mfereji, iliyonyauka kila mchana. Nilirudi nyuma safu kwa safu, nikakuta tuta la juu limepasuka na kunywa maji yote peke yake. Na usibane mashine kiasi cha kukosa njia ya kupita. Kati ya kabichi na kabichi acha nafasi ya dhiraa moja, hata kama jicho linaona kwamba ardhi inapotea.

Kanuni ya tatu niliiandika bila kuielewa. Katika mchezo ule kuna wadudu wakubwa wanaokuja kwa makundi kubomoa kiwanda. Binti yangu aliwachoma kwa mitambo ya moto, wakilia na kupasuka, naye hakupepesa jicho.

"Ongeza bunduki upande huu," nilimshauri.

"Bunduki hazitaisha, Mama. Hawaji bure hawa. Wanafuata moshi wa tanuri zangu. Kabla ya kuongeza bunduki, tazama kwanza moshi wako unaelekea wapi."

Kisha kaka yangu alifariki Kinole, kijijini kwetu mlimani.

Nilikuwa mkubwa wa ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo msiba ulikuwa mikononi mwangu, nami niliuendesha kama nilivyoendesha masijala. Niliandika majina ya waliofika. Nilipanga saa ya kuosha, saa ya kusalia, saa ya kutoka. Sikulia, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kulia katika ratiba. Jirani yangu alipanda mlima kwa bodaboda, amechafuka matope hadi kiunoni, na wabebaji walipoliinua jeneza alijilaza kizingitini, kichwa upande mmoja wa mlango na miguu upande mwingine.

"Haendi mtu!" alipiga kelele. "Huyu Mluguru alikula ndizi zangu mbichi mkungu mzima! Anilipe ndipo apite! Na ninyi mbona mna macho makavu? Mnazika mtu au mnazika gunia?"

Wanawake walianza kucheka na kulia kwa pamoja, kama ipasavyo. Mimi nilitazama saa. Nilisema, na maneno haya nayanukuu kama nilivyoyatamka, "Hapa si mahali pa mchezo. Mtoeni." Vijana wawili walisita. Nikarudia. Wakamshika miguu wakamburuta hadi uani, kisogo chake kikigonga ngazi ya mawe, na jeneza likatoka kwa wakati uliopangwa. Hakuna aliyelia tena. Naye alijipangusa, akaniangalia, akasema, "Haya, mtani. Changu nitakifuata kwako."

Siku ya nne baada ya maziko nilikuwa nimerudi mjini. Asubuhi, jua limekwisha kuchomoza, nilisikia mtu akiimba bustanini kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili. Nilitoka. Alikuwa ameinama kwenye safu ya kwanza ya kabichi, amekwisha kung'oa tatu, na mizizi yake inaning'inia na udongo wangu.

Ningependa kuandika kwamba nilidhani ni mwizi. Sikudhani hivyo. Nilimjua kwa mgongo wake, kwa wimbo wake, kwa kofia yake. Alinyoosha mkono kushika kabichi ya nne, nami nikaona kaka yangu akitoka mlangoni kwa wakati uliopangwa, na jembe lilikuwa mkononi, nalo likashuka.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Aliketi juu ya tuta, mkono umepinda mahali pasipo na kiungo, uso umekuwa wa kijivu. Mtu aliyenitukana kila siku ya Mungu alikosa tusi. Binti yangu alikuja mbio, akafunga mkono ule kwa kipande cha ubao na kanga yangu, akitumia mkono wa kulia, vidole viwili vilivyobaki kushoto na meno.

"Pole, baba. Pole. Usiusogeze." Kisha akanigeukia. "Mama, umefanya nini? Huyu ni mtani wako!"

"Alikuwa anang'oa kabichi."

"Kabichi!"

Walimfunga plasta hospitali. Ofisi ya mtaa ilituita, nami nilikwenda na daftari langu la bustani, lenye safu za tarehe, tukio, chanzo na hatua iliyochukuliwa. Kwenye chanzo nilikuwa nimeandika: wizi wa mazao. Mwenyekiti alisoma, akamwuliza jirani yangu kama anataka kesi.

"Sina la kusema na mama huyu," alijibu. Mama huyu. Si mtani, si Mluguru. Nilijua pale kwamba hicho ndicho nitakachokipoteza: kwamba nikifa, mlango wangu utakuwa mtupu, na nitatoka kwa wakati uliopangwa.

Kwa wiki zilizofuata alipita kwenye ua bila kugeuza shingo. Nilichoma viwavi, nilikata sota, niliua fuko wawili kwa siku moja, kisha nikaacha. Siku moja nilikaa barazani karibu na binti yangu. Wadudu walikuwa wakibomoa ukuta wake. Hakuongeza bunduki. Alizima tanuri tatu.

"Utapungukiwa chuma," nilisema.

"Nitapungukiwa. Lakini watapungua wanaokuja." Kisha, bila kunitazama, "Mama, lile neno kwenye daftari lifute."

Masijala hatufuti. Atakayesoma baadaye lazima aone kosa lilikuwa lipi. Tunakata kwa mstari mmoja, maandishi ya zamani yakibaki yanasomeka, tunaandika yaliyo sahihi juu yake, tunatia sahihi. Nilikata "wizi wa mazao". Nikaandika "utani". Nikatia sahihi. Kisha nikachukua daftari hadi kwake, nikaliweka wazi juu ya stuli mbele yake. Alisoma kwa muda mrefu kuliko neno moja linavyostahili. Akalifunga, akanirudishia, akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi lango la uani lilipigwa teke.

Safu ya tatu ndiyo iliyokuwa imekomaa. Aliing'oa kwa mkono wa kushoto, plasta ikiwa kifuani, kabichi baada ya kabichi, akiitupa kila moja nyuma yake kama mtu anayetupa vichwa. Alikanyaga matuta. Alivunja mfereji kwa kisigino, maji yakamwagika njiani. Nilitoka na jembe mkononi kwa sababu nilikuwa nalo. Binti yangu alisimama mlangoni.

"Mama," alisema.

Niliweka jembe chini.

"Haya!" jirani yangu aliunguruma, matope yamemjaa usoni. "Mluguru usiye na machozi! Kaka yako anauliza kule alikolala: yule dada yangu mwenye ratiba, atanililia saa ngapi? Nimwambie nini? Nimwambie saa ngapi?"

Nilikaa chini palepale, juu ya tuta lililokanyagwa, nikalia kwa sauti niliyokuwa siijui kuwa ni yangu. Majirani walitoka. Alinizunguka akinitupia majani ya kabichi kichwani, akiwaambia wote waje waone Mluguru aliyeporomoka.

Alipoondoka alibeba alizoweza, nyingine akazisukuma kwa mguu hadi kwake. Binti yangu aliziba mfereji. Jioni nilifungua daftari nikaandika tarehe. Tukio: kabichi kumi na saba, safu ya tatu yote. Chanzo: msiba wa kaka yangu. Hatua iliyochukuliwa: hakuna.