Maua ya Kahawa Yaliyopukutika

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka kliniki, mimba yake imeharibika. Alisema muuguzi amemwambia, "Hujakosa lolote, na utazaa tu." Nikatoka nje na hasira ya miaka mingi.

Nilikumbuka mchana mmoja kwetu Meru, enzi za Waingereza, nikiwa mtoto, shamba zima likinukia maua ya kahawa. Mke wa baba mdogo, niliyemwita mama mdogo, alikuwa ametokwa na mimba, na Bibi akamkataza kugusa mibuni, eti angeipukutisha kama alivyompukutisha mtoto. Nilimwona akivuta tawi moja, akalinusa, akatabasamu. Baadaye ikapiga mvua ya mawe, maua yote yakalala matopeni.

Nami nikaamini ni yeye, nikakimbia kusema: "Bibi, mama mdogo alishika!"

"Funga vitu vyako urudi kwenu," Bibi akamwambia. "Hapa hatutaki tumbo bovu." Baba mdogo aliinamisha uso.

Mama mdogo aliolewa tena mjini, Ngarenaro, akazaa watano.

Bibi simsamehe, wala ulimi wangu. Mvua ile ilipiga mlima mzima, hata mashamba ambayo mama mdogo hakuwahi kuyakanyaga, na hakuna aliyeuliza huko nani alishika tawi.