Nililala Kwenye Machela Nikiwa Mzima

Kosa ni langu. Naanzia hapo, usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia visingizio. Hakuna aliyenisukuma, na huyo shetani tunayemsingizia kila siku hakuwepo Kitale asubuhi hiyo. Nilikuwepo mimi na kabati langu.

Mimi ni muuguzi, lakini si wa kukaa mahali pamoja. Hospitali ndogo za binafsi huniita muuguzi wao akienda likizo au akijifungua. Naziba pengo miezi michache, kisha naitwa kwingine. Kazi hii tunaiita lokamu. Ukiifanya unakuwa konokono, nyumba yako iko mgongoni.

Na kuhama kumenitesa! Nilipotoka Malakisi nilipewa lifti na pikapu iliyobeba tumbaku. Blanketi zangu zilinuka hivi kwamba mzee mmoja aliniomba sigara nikimpima presha. Nilipohamia Kitale, karibu na nyumbani kwetu, lori lilinichanganya na mbuzi wa watu. Walikula pazia zima na nusu ya cheti changu cha ubatizo. Unacheka? Hata mimi nilicheka, lakini baadaye sana.

Kwa hiyo nilipopata mkataba mrefu wa kazi Kanduyi, kule Bungoma, niliapa kwamba safari hii vyombo vyangu vitasafiri kwa heshima.

Kliniki iliyoniajiri ilikuwa na ambulensi moja. Siku ya kuhama, dereva wake, ambaye nitamwita Barasa, alikuwa amemleta mgonjwa Kitale na alikuwa anarudi Bungoma. Nikampigia simu apitie kwangu. Nikamwandalia chai na chapati, nikaanza maneno matamu.

"Barasa ndugu yangu, si gari inarudi tupu?"

"Sista, hii gari si ya kubeba kabati bana. Ni ya wagonjwa."

"Na mgonjwa ako wapi saa hii?"

"Hayuko. Lakini akitokea?"

"Atokee wapi? Kunywa chai."

Alikunywa. Alikubali shingo upande, nami nikajiona mjanja.

Kabati likakataa kuingia. Lilizuiwa na mtungi wa oksijeni na sanduku la dharura. Sanduku hilo ndilo lenye vifaa vya kuzalisha, na kile kifuko chenye barakoa cha kumpulizia hewa mtu asiyepumua. Mimi ndiye niliyesema vitolewe. Si Barasa. Ni mimi, muuguzi niliyesomea kazi hii na kula kiapo! Tukaviacha kwa jirani yangu, nikamwambia vitachukuliwa kesho yake. Mahali pa sanduku nikaweka meko yangu ya gesi.

Basi tukatoka Kitale. Barasa mbele kwenye usukani, mimi nyuma nimekumbatia televisheni, tunaongea kupitia kidirisha. Tulipopita Kiminini akapunguza mwendo ghafla.

"Sista, polisi. Wanafungua kila gari. Wakiona hizi vitu nimekwisha, na hii kazi ndio inasomesha watoto wangu."

Ningekuwa na akili timamu ningeshuka, nikasema vyombo ni vyangu, nikala aibu yangu. Lakini woga ulinishika. Nikavuta mashuka ya kliniki nikafunika kabati, magodoro na viti. Dripu ya mgonjwa wa asubuhi ilikuwa bado inaning'inia. Nikajilaza kwenye machela, nikabandika ule mpira mkononi kwa plasta, nikafumba macho. Sindano haikuwepo hata ya dawa.

Shida ilikuwa kuku. Mama alikuwa amenipa kuku wa kufungulia nyumba mpya, na alikuwa kwenye katoni chini ya machela.

Mlango ukafunguliwa. "Huyu ana nini?" polisi akauliza.

"Tumbo, afande," Barasa akajibu.

"Ko-ko-ko," akasema kuku.

"Woooi, tumbo langu!" nikalia.

"Na hizi zote zimefunikwa ni nini?"

"Vifaa vya... vya hospitali."

"Ko-ko-kooo!"

"Woooi Ngai! Nakufa mimi!"

Kila kuku alipolia, nami nikalia zaidi. Jasho lilinitoka la kweli, na nadhani ndilo lililonisaidia. Yule polisi alivua kofia. "Pole sana mama, Mungu yuko," akaniambia kwa upole ulionichoma. Kisha akamgeukia Barasa. "Na wewe mbona huna haraka? Washa king'ora! Unataka afie hapa?"

Ikabidi king'ora kiwashwe. Magari yakatupisha hadi Kamukuywa na kuendelea. Mimi huko nyuma nilicheka hadi nikashika mbavu. Nilisahau hata kubandua ile plasta.

Tulipokaribia Misikhu, Barasa akakanyaga breki, kabati likanigonga bega. Nikasikia kelele za watu wengi nje. Nikajua tumefuatwa, tumekamatwa! Nikarudi kulala upesi.

Haikuwa polisi. Palikuwa na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, na mume wake alikuwa amehangaika kutafuta gari bila kupata. Waliposikia king'ora kinakuja, wakasimama katikati ya barabara wakipunga matawi. Walidhani ni maombi yao yamejibiwa.

Mlango ukavutwa. Mama mkwe wa yule mwanamke akachungulia.

"Woi! Kumbe ako na mgonjwa ndani!"

"Dere, tafadhali, hata akae hapo chini tu," mume akasihi. "Mtoto anatoka!"

Nilikuwa nimelala pale, macho nimefumba, nikimwomba Mungu gari liondoke. Ndiyo, niliomba hivyo! Nakwambia kila kitu. Kisha nikamsikia yule mwenye uchungu akilia, kilio kizito cha kusukuma, kile ambacho mkunga akikisikia anajua hakuna tena wakati wa kufika popote.

Nikabandua plasta, nikaketi.

"Amefufuka!" mtu akapiga yowe. Mama mmoja wa sokoni alitupa beseni lake la nyanya akakimbia bila viatu. Mwanamume mzima alijificha nyuma ya bodaboda yake.

"Mimi ni muuguzi!" nikapaza sauti. "Toeni hivi vitu! Vyote! Mleteni hapa!"

Waliokuwa hawajakimbia wakaanza kushusha. Nyumba yangu yote ikaanikwa kando ya barabara ya Misikhu: viti, ndoo za kuogea, hadi nguo za ndani zilizokuwa zimejaa kwenye karai. Sikuona aibu. Nilikuwa nimeshikwa na hofu nyingine kabisa, kwa sababu nilikuwa nimenyoosha mkono pale ukutani kuchukua sanduku la dharura, na mkono wangu ukagusa meko.

Sijui nikueleze vipi. Sanduku lilikuwa Kitale kwa jirani, pengine watoto wake wamelikalia wakila uji.

Yule mama, nitamwita Nafula, akalazwa kwenye machela niliyokuwa nimelalia mimi. Nikapata glavu kwenye mkoba wangu. Mtoto akatoka haraka, msichana, amelegea, rangi ya bluu. Hakulia.

Nikamkausha kwa taulo yangu. Nikamsugua mgongo. Nikamsafisha mdomo kwa kidole. Kimya. Hapo ndipo ungechukua kile kifuko, umfunike mtoto barakoa, ubonyeze, kifua kiinuke. Mikono yangu inajua kazi hiyo hata nikiwa usingizini. Mikono ilikuwepo. Kifuko hakikuwepo, kwa sababu nilitaka kabati langu lifike Kanduyi bila mkwaruzo.

"Mbona halii?" Nafula akauliza.

"Atalia, mama," nikamdanganya.

Nikafunika pua na mdomo wa mtoto kwa mdomo wangu, nikapuliza hewa ya mashavuni tu, kidogo kidogo. Kifua kikainuka. Nikapuliza tena. Nikaacha nitazame. Hakuna. Nikapuliza tena. Mama mkwe alikuwa ameanza kusali kwa Kibukusu. Barasa alisimama mlangoni ameshika kichwa, na alinitazama kwa macho ambayo siwezi kuyasahau, maana katika umati ule wote ni sisi wawili tu tuliojua kilichoachwa Kitale. Nilimwambia Mungu anichukue mimi. Nilimwambia achukue chochote!

Mtoto akakohoa. Akakunja uso. Kisha akalia, kwanza kidogo, halafu kwa hasira, na wanawake wa soko wakapiga vigelegele.

Tuliwakimbiza yeye na mama yake hospitali iliyokuwa karibu, wakapokelewa vizuri. Tuliporudi kuchukua vyombo vyangu, havikuguswa. Muuza dagaa wa omena alikuwa amekaa kwenye kiti changu kuvilinda, na kuku alikuwa amefungwa kamba mguuni. Walikataa hata soda. Ati mtu kama mimi hafai kulipa kitu Misikhu.

Maana unajua walisema nini? Walisema nilikuwa mgonjwa mahututi! Waliona dripu kwa macho yao. Hadithi ikazunguka kwamba kuna muuguzi aliyekuwa anapelekwa hospitali akifa, akang'oa dripu, akamzalisha Nafula. Mchungaji akaihubiri kanisani. Mtoto akapewa jina langu. Nami nikanyamaza. Nikatabasamu, nikasema ni Mungu.

Barasa alifuata mtungi na sanduku kesho yake, akavirudisha bila mtu kujua. Hatukuongea tena juu ya siku hiyo.

Lakini hofu haikuniacha, ilihamia kwangu ikaweka vyombo. Nilijua kile wao hawakujua. Mtoto akikosa hewa anapozaliwa, anaweza kuchelewa kukaza shingo, kuchelewa kuketi, kupata degedege. Kila siku yangu ya mapumziko nilipanda gari hadi Misikhu na ndizi mbivu mkononi. Watu waliona ni upendo. Kumbe nilikuwa naenda kumpima! Nilimshika shingo. Nilipiga makofi nyuma ya sikio lake. Siku moja nilimnyanyua, kichwa kikaanguka begani kwangu, nikahisi nazimia. Alikuwa amelala tu.

"Sista anapenda huyu mtoto kuliko hata mashangazi zake," Nafula alikuwa akiwaambia majirani. Nilikuwa nikirudi Kanduyi nalia njia nzima.

Mtoto aliketi. Akatambaa. Daktari wa watoto akamkagua na kusema hana tatizo lolote. Halafu siku moja akainuka akatembea, akanijia na kunishika goti. Nilihisi jiwe limeondolewa kifuani. Nikajiambia, sasa naweza kusema.

Nafula alikuwa nje ya jikoni anachagua maharagwe. Nilimpakata mtoto, nikaanza.

"Nafula, ile siku sikuwa mgonjwa."

Akacheka. "Si ulikuwa na dripu?"

"Dripu ilikuwa ya uongo."

Nikamweleza yote: kabati, polisi, sanduku. Mkono wake uliacha kuchagua.

"Kwa hivyo hiyo kitu ya kumpea mtoto pumzi ilikuwa Kitale."

"Ndiyo."

"Sababu ya kabati."

"Ndiyo. Nisamehe, dada yangu."

Nilitarajia anitukane, na ningefurahi angenitukana. Badala yake aliniuliza polepole, "Sista, na kama mtoto angekufa, ungekuja kuniambia?"

Nikainama, nikaanza kumfunga mtoto kifungo cha gauni.

Alisimama, akamchukua mtoto kutoka mapajani mwangu, akaingia ndani. Nikasikia komeo.

Jumatatu nilikwenda kwa daktari mwenye kliniki nikamweleza, kwa sababu niliona afadhali asikie kwangu. Kazi yangu iliisha hapo hapo. Barasa alisimamishwa kwa muda, na amenisamehe kwa mdomo, ingawa simu zangu hapokei. Nafula naye hapokei. Mtoto mwenye jina langu anakua Misikhu bila mimi.

Swali lake nimeligeuza usiku na mchana, na kwa kuwa ninyi mnaosoma hapa hamnijui, nitalijibu. Jibu ni hapana. Singemwambia. Ningesimama kwenye matanga nimevaa leso, nikasema tulifanya kila tulichoweza, na wangeniamini, na wangenishukuru!

Kwa hiyo sikiliza, wewe uliye na kosa umelificha kazini, uwe muuguzi, uwe dereva, uwe mwalimu. Liseme leo, ukiwa bado unatetemeka. Usingoje kama mimi mpaka hatari ipite ndipo upate ujasiri. Mimi nilitua mzigo wangu siku nilipoona hauwezi tena kuniua, na nikamtwika mama wa watu aliyekuwa anachagua maharagwe.