Ugomvi wa Mlango wa Zahanati

Seremala mmoja wa nyuma ya soko aliitwa Kimya kwa sababu hakuwa na siku ya kunyamaza. Mwenzake katika karakana alikuwa Koplo, aliyepigana vitani upande wa pili. Vita vilipokwisha, kamati ya amani iliwapa wawili hao msumeno mmoja wa umeme, kisha ikawa inaleta wageni kuwapiga picha wakiwa wameshikana mabega.

Koplo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi mbaya. Alipima kwa jicho, na ukimsema, mtaa mzima unadhani vita vimerudi. Kimya akajifunza kumeza maneno.

Siku Koplo alipokata mlango wa zahanati ukawa mfupi, uvumilivu ulimwishia Kimya.

"Hayo ni macho au vifungo vya shati?" alifoka. "Mbao hii tumeitafuta mwezi mzima."

Mama wa duka la jirani akaita wanawe ndani, akafunga. Mara mwenyekiti wa kamati akafika, anahema.

"Ndugu zangu, tusirudi tulikotoka. Peaneni mikono."

"Mwenyekiti, mimi nazungumzia mlango."

"Nakuelewa kabisa. Peaneni mikono."

Wakapeana. Mwenyekiti akaondoka ameridhika, mlango bado mfupi.

Kimya alikaa juu ya mbao. Vita vilimuua kaka yake, na hilo alijitahidi kuishi nalo. Leo hata kumkaripia mtu kwa kazi mbovu hana ruhusa.

Koplo alirudishia mlango wa karakana. "Haya, nikaripie sasa. Ila nikaripie kama fundi mwenzio. Nimechoka kubembelezwa kama bomu."

Kimya alimsema mpaka sauti ikakauka. Koplo naye akajibu: "Futi kamba nzuri ya kupimia unaifungia sandukuni, na hunielekezi mpaka niharibu." Ilikuwa kweli, na Kimya akazidi kuudhika.

Alasiri waliunga kipande chini ya mlango. Kiungo kilionekana waziwazi. Muuguzi wa zahanati alipolalamika, walilaumiana mbele yake.

Jioni mkewe Kimya alimtengea chakula. "Baba, nasikia mmegombana na Koplo. Kuna usalama?"

"Tumegombania mlango, mama. Mlango tu."

"Mlango," alirudia mkewe, akajitanda khanga na kwenda kumuuliza mke wa Koplo.

Kimya akabaki anatazama sahani, hana wa kumweleza.