Mgeni Rasmi wa Mbio za Kiroka

Nilikwenda Morogoro kutafuta baiskeli. Nalisema hili mapema, msomaji asije akadhani nilikwenda kutembea. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi huko Rudewa, na kutoka nyumbani kwangu hadi darasani ni kukatisha mashamba ya katani, masika matope hadi magotini, kiangazi vumbi hadi kwenye meno. Ndiyo ile miaka biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa vitu hadi barazani, ila mshahara wa mwalimu haukupewa taarifa. Baiskeli nilikuwa naziona Kilosa, napapasa kiti, naondoka. Kisha tangazo likabandikwa stendi: kampuni ya sabuni mpya inadhamini mashindano Morogoro, watu wakimbie, waendeshe baiskeli, halafu wakimbie tena. Mwanamke wa kwanza atapewa baiskeli. Chuoni nilikuwa mkimbiaji. Nikaomba ruhusa siku hiyohiyo.

Ijumaa jioni nilifika Bigwa kwa mjomba Venansi, kaka yake mama, anayelima mboga pale chini ya mlima. Nilimkuta anamwagilia mchicha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko Rudewa hampiki?"

Nikamweleza shida yangu. Akaweka ndoo chini, akacheka taratibu.

"Kwa hiyo unaazima baiskeli ukashindanie baiskeli."

"Ndiyo, mjomba."

"Haya, chukua. Breki ya mbele usiiamini. Na karia sikufungulii, Jumatatu napeleka mboga sokoni."

Karia yenyewe ilikuwa ya chuma, ya kubeba magunia. Wenzangu wengine niliwakuta wana baiskeli nyepesi, mimi nikaenda kushindana na kitanda nyuma yangu.

Jumamosi alfajiri niliiacha baiskeli kwenye kituo cha kubadilishia, palepale Bigwa, nikaenda uwanjani mjini. Tangazo lilisema tuanze saa kumi na mbili na nusu, jua lisitukute barabarani. Tulikuwa watu wengi kiasi, wanawake wachache. Namba ziliandikwa kwenye vipande vya maboksi, tukafungiwa kifuani kwa kamba ya katani. Mwanamke pekee aliyenitia wasiwasi alikuwa Zuhura, mwanafunzi wa Mzumbe, mrefu, mwenye miguu ya kazi. Yeye naye alinitazama akaona hivyohivyo, tukasalimiana kwa adabu.

Turubai lilikuwepo. Viti vilikuwepo, na vitambaa, na spika mbili zikipiga muziki. Maji hayakuwepo, na mbio hazikuanza, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa hajafika. Saa moja ikapita. Saa mbili ikapita. Nikamfuata katibu wa kamati, bwana mmoja mwenye fulana ya sabuni na filimbi shingoni.

"Ndugu katibu, si tuanze tu, mgeni atukute njiani?"

Alinitazama kama niliyependekeza ndoa ifungwe bila bwana harusi.

"Mwalimu, bila mgeni rasmi hizo siyo mbio. Hao ni watu wanakimbia tu."

Mgeni rasmi alifika saa nne na nusu. Akapigiwa ngoma, akahutubia juu ya usafi, afya na soko huria, tukimsikiliza tumesimama juani, yeye kivulini. Alipopuliza filimbi ilikuwa yapata saa tano, na lami ilikuwa inanata. Nilianza kukimbia nikiwa tayari nimekasirika.

Njiani kwenda Bigwa palikuwa na meza ya kamati. Nilipoiona koo lilishangilia. Kijana wa kampuni akaninyooshea mche mdogo wa sabuni.

"Maji yako wapi?"

"Maji yanakuja, dada. Chukua sabuni kwanza."

Nikapita mbio. Huwezi kumjibu mtu wa namna hiyo na bado ukabaki na pumzi ya kukimbilia. Pale Bigwa baiskeli zilikuwa zimelundikwa pamoja kama kuni, mwenye bahati avute yake. Ya mjomba ilikuwa chini kabisa, karia ndiyo iliyonisaidia kuitambua.

Barabara ya kwenda Matombo wanaoijua wanaijua: mawe, makorongo, na malori ya ndizi yanayoshuka bila kuuliza kuna nani mbele. Sisi tulitakiwa kugeuzia Kiroka. Kwenye kilima kimoja kirefu nilishuka nikasukuma, Zuhura naye akashuka akasukuma, tukawa sambamba. Bibi mmoja aliyekuwa anashuka na tenga la ndizi kichwani akatuona na jasho letu na maboksi yetu kifuani. Akalitua tenga, akashika kichwa.

"Wanangu, nani kafariki?"

Hakuna mtu wa kamati aliyekuwa amekwenda kuwaambia wanakijiji kwamba kuna mashindano. Kule watu wazima hawakimbii na kusukuma baiskeli mchana wa jua ila wanapeleka habari ya msiba.

"Shikamoo bibi. Hakuna msiba. Tunashindana."

"Marahaba. Mnashindana na nani, jua lote hili?"

Akatupa ndizi mbili mbili na maji ya kibuyuni. Yalikuwa maji pekee niliyopewa siku ile, na hayakudhaminiwa na mtu.

Kiroka, mahali pa kugeuzia, tulikuta kiti cha plastiki. Msimamizi tuliambiwa amekwenda kwenye sherehe ya kipaimara, amealikwa. Tukakizunguka kiti, tukarudi. Kwenye mteremko Zuhura aliogopa mawe, mimi niliogopa breki ya mjomba, lakini karia iliituliza baiskeli, nikamwacha. Bigwa niliitupa baiskeli mikononi mwa mjomba, nikakimbia kipande cha mwisho. Mwanamke mwingine sikumwona mbele yangu.

Yapata saa tisa niliingia uwanjani. Turubai lilikuwa linashushwa. Utepe wa kumalizia mbio ulikuwa umetumika kufungia viti nyuma ya pikapu. Nilisimama pale nikihema, hakuna hata mtu wa kunipigia makofi. Zuhura akaingia nyuma yangu, naye akasimama. Katibu akaja anakunja risala.

"Poleni, akina dada. Mgeni rasmi alikuwa na safari ya Dodoma, ikabidi zawadi zitolewe mapema."

"Zimetolewa kwa nani, na sisi tuko barabarani?"

"Usiwe na wasiwasi, mwalimu. Ya wanawake imepokelewa kwa niaba yenu na mama mwenyekiti wa kamati. Hata neno la shukrani limetolewa kwa niaba yenu. Wamepiga na picha."

"Iko wapi?"

"Ameondoka nayo."

Nilikasirika mpaka nikaacha kusikia miguu. Zuhura akasema, "Wewe ndiye wa kwanza, mimi shahidi. Twende." Tukaulizia nyumba ya mwenyekiti, tukaenda vilevile na maboksi yetu kifuani.

Baiskeli ilikuwa sebuleni, nailoni haijatolewa kwenye kiti. Mama mwenyekiti, amevaa kitenge kipya, alikuwa anawasimulia majirani. Akatukaribisha vizuri, akatuagizia chai.

"Shikamoo mama. Nimefuata baiskeli."

Tabasamu likapungua. "Mwanangu, mimi nimeshapongezwa mtaa mzima. Na ile picha itatoka gazetini. Ikitoka hapa sasa, watu watamwelewaje mwenyekiti?"

"Waambie umeshinda, mama," nikasema. "Ulishinda, na mimi nimekuja kuichukua kwa niaba yako."

Nikashika usukani. Jirani mmoja akainamisha kichwa akicheka ndani ya khanga. Mama mwenyekiti alitazama huku na huku, na kwa kuwa hapakuwa na mkubwa wa kumsemea, akasogea mlangoni, akanipisha. Mlangoni nikageuka, nikamshukuru.

Jumapili nilipanda basi la Kilosa, baiskeli iko juu ya paa, mjomba mwenyewe ameifunga. Njia nzima niliwaza. Nilichojifunza ni kwamba kwetu jambo haliwi jambo mpaka mkubwa alione, na akishaliona basi limekwisha, hata kama halijafanyika. Ukisubiri wakukumbuke, watashukuru kwa niaba yako ukiwa bado barabarani.

Jumatatu nilifika shuleni mapema, viatu vikavu. Mwalimu mkuu akaizunguka baiskeli, akaisifu, akasema chombo kama hiki hakiwezi kuanza kutumika hivihivi, tumwite diwani aje aizindue. Jioni alipotoka ofisini na barua ya mwaliko mkononi, akaniita. Nilimsikia kwa mbali, maana nilikuwa nimeshapanda.