Tabaka Tatu za Rangi ya Kijani

Hilkka ni dada yake marehemu bibi yangu, nami humwita Bibi vilevile. Hapa kwetu Savo, nchini Finland, amplifaya kuukuu ikiugua huletwa jikoni kwake. Miaka arobaini amekula kwa masikio na bisibisi yake. Mimi nimehamia kwake wiki iliyopita tu, baada ya kuacha shule.

Alhamisi alikuja Taisto, msimamizi wa ukumbi wa dansi, amekumbatia amplifaya ya ukumbi, nzito kama kondoo. Akavua viatu mlangoni.

"Ukiifungulia sana inaimba vizuri," alisema. "Ukiipunguza, inakwaruza. Muziki wote wa tango unaharibika, na Jumamosi tuna dansi."

Hilkka alibadilisha spika. Ikakwaruza vilevile. Akabadilisha nyaya. Vilevile. Akafungua kifuniko, akagusisha mita ya kupimia umeme.

"Haa! Transista zina njaa. Zinapewa umeme kidogo mno, ndiyo maana sauti ndogo inakatikakatika. Kuna mchinjaji kaizungusha hii skrubu ya kurekebisha umeme karibu mpaka mwisho. Taisto, ulimpa nani? Yule shemeji yako fundi wa matrekta?"

"Shemeji hajaigusa."

"Basi ni ng'ombe wake."

Nilicheka. Taisto alikodolea macho kikombe chake cha kahawa.

Hilkka akimaliza kazi huifunga skrubu kwa tone la rangi ya kucha, ya kijani, isije ikasogea. Huichanganya mwenyewe, fundi mwingine hana. Akachukua kioo cha kukuzia, akainama. Nikainama naye. Skrubu ilikuwa na rangi ya kijani, tabaka juu ya tabaka. Tatu. Ya juu bado inang'aa.

"Taisto," alisema polepole, "hii imewahi kuja hapa?"

"Baada ya Pasaka. Tena Mei. Tena wiki juzi."

Hilkka alishika ukingo wa meza.

"Nimeiharibu mara tatu, sikumbuki hata moja, na wewe unakunywa kahawa yangu kimya!"

"Ningesemaje, Hilkka? Mtu haambiwi jambo kama hilo nyumbani kwake."

"Ungesema kwa mdomo, mzee!"

Ndivyo tulivyo huku. Jirani akipotea tunamwachia agundue mwenyewe, halafu tunaiita heshima.

Hilkka alinisukumia mita. "Nisomee namba."

Akaanza kuzungusha skrubu kushoto, kama mashine nyingine nyingi zinavyotaka, kumbe hii hutaka kulia.

"Inashuka, Bibi!"

Mkono wake haukusimama. Ilibidi niushike, niurudishe kulia mpaka kwenye namba iliyoandikwa ndani ya kifuniko. Muziki wa tango ukatoka kwa sauti ndogo, safi kabisa. Hakuna aliyefurahi.

Kisha akapiga simu kituo cha afya, mbele ya Taisto, jambo ambalo watu wetu hulifanya mlango umefungwa.

"Naitwa Hilkka Ruokonen. Nasahau kazi yangu mwenyewe, nataka daktari. Tangu lini? Mimi sijui. Kuna mtu hapa anajua."

Akamnyooshea Taisto simu. Taisto akasimama na soksi zake, akaipokea, akakohoa, akaanza kusema.