Jezi Namba Kumi na Nne

Jezi za timu yetu ya raga zilinuka moshi. Zilifuliwa kila Jumapili na kuanikwa nyuma ya jiko la shule, kwenye waya uliofungwa kati ya nguzo mbili, mahali ambapo moshi wa kuni ulipita ukielekea vilima vya Iveti. Ndani ya jiko lile sufuria za muthokoi zilichemka tangu alfajiri, mahindi yaliyokobolewa pamoja na maharagwe, na harufu hiyo iliingia kwenye uzi wa jezi ikakaa humo. Ukivaa jezi yako Jumamosi ulihisi umevaa chakula cha mchana. Nimeishi miji mingi tangu wakati huo, na kila ninaponusa kuni na maharagwe pamoja, iwe ni Voi au Kitale, roho yangu hushtuka kabla sijajua imeshtushwa na nini. Si njaa. Ni wivu.

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni iliyokuwa juu kidogo ya mji wa Machakos, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, raga huchezwa na watu kumi na tano kila upande, na mpira wake una umbo la yai. Mchezaji hukimbia ameukumbatia kifuani kama mtu aliyeiba kuku. Vijana wazito husukumana katikati wakiupigania, kisha mpira hupitishwa mkono kwa mkono hadi pembeni, kwa kijana mwepesi anayeitwa wingi, na kazi ya wingi ni moja tu: kukimbia hadi auweke mpira chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani. Hapo huwa amefunga trai. Mimi ndiye niliyekuwa wingi wa kulia. Jezi yangu ilikuwa namba kumi na nne, na nilikuwa nimeivaa tangu kidato cha pili.

Shule ilikuwa na jezi kumi na tano tu. Wachezaji wa akiba walikaa kwenye benchi wamevaa sweta za darasani. Mwalimu Ndambuki, aliyetufundisha kilimo na raga kwa ukali uleule, hakupenda kubadilisha wachezaji. Aliyeanza ndiye aliyemaliza, labda aumie. Kila Ijumaa jioni alisimama kwenye baraza la ghala la majembe na kiondo kikubwa mkononi, akatoa jezi moja moja, akataja namba, akataja jina, akakurushia. Hakueleza sababu. Jezi ikiruka kuelekea kwako, wewe ni mtu. Isiporuka, ulirudi bwenini mikono mitupu na kila mtu akaiona mikono yako.

Kioko alihamia kwetu muhula wa pili, mwaka ambao mvua ilikataa kabisa. Alitoka upande wa Matuu, mtoto wa wakulima, mrefu na mwembamba, na sanduku lake la bati lilifungwa kwa kamba ya katani kwa sababu kufuli halikuwepo. Hakuwa amewahi kuugusa mpira wa raga. Siku ya kwanza ya mazoezi aliuzungushazunguka mikononi, akauliza kama umepasuka. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote. Kisha mwalimu akatuambia tukimbie kutoka mstari mmoja hadi mwingine, na Kioko, miguu mitupu kwenye ardhi nyekundu iliyokauka kama tofali, akafika akasimama, akageuka kututazama kana kwamba ametusahau njiani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji alianza kuugua.

Ijumaa ya tatu tangu aje, tulikusanyika mbele ya ghala. Kumi na mbili ikaruka, kumi na tatu ikaruka. Mwalimu Ndambuki akatoa kumi na nne na mimi nikainua mikono kabisa, kama nilivyozoea.

"Kumi na nne. Kioko."

Ilinipita juu ya kichwa. Niliusikia upepo wake, na ile harufu ya moshi.

Nahodha wetu, Nzioka, kijana mnene mwenye ulimi mwepesi, hakuchelewa kunibatiza. Usiku ule bwenini aliniita Spea, na jina likanishika. "Usijali, Spea," alisema. "Tairi la spea halioni barabara mpaka lile lingine lipasuke. Wewe jaza hewa tu, ungoje." Watu walicheka, na Kioko pia akacheka, kicheko cha mtu asiyejua kwamba yeye ndiye tairi lile lingine.

Nilimchunguza muhula mzima. Nilijua anavyokula, akianza na maharagwe na kuacha mahindi mwisho. Nilijua analala upande wa kushoto. Nilijua kwamba viatu vya raga alivyopewa na shule vilimbana vidole, na nilifurahi vilipombana, na nilikasirika alipokimbia vizuri hata hivyo. Wivu ni kama chawa wa bweni, huwezi kumwonyesha mtu na huwezi kuacha kujikuna. Hata siku ya wazazi haikuniacha. Mama yangu, aliyeuza nguo za mitumba sokoni Machakos, alikuja na chapati zilizofungwa kwenye kitambaa. Akauliza yule kijana aliyekaa peke yake chini ya ukuta ni nani. Nikamwambia ni Kioko tu, watu wa kwao wako mbali.

"Ati Kioko tu? Mwana wa watu," akasema. "Mwite akule."

Kioko akaja, akasalimia kwa adabu, akala. Mama akamuuliza anacheza wapi kwenye timu. Akasema, "Wingi, mama. Lakini Mutiso ndiye ananifunza." Ilikuwa ni uongo wa heshima. Mama akanitazama kwa fahari ambayo sikuwa nimeiona tangu nipokonywe jezi, na nikamchukia Kioko kwa hilo pia, kwa kunirudishia mbele ya mama kitu alichokuwa amenichukulia mbele ya shule nzima.

Ukweli ulikuwa kinyume. Kila Jumamosi asubuhi kabla ya mechi tulipangwa mstari mmoja kutoka upande hadi upande wa uwanja, tukatembea taratibu tukiinama, tukiokota mawe na mbigili, zile mbegu zenye miba zinazochoma goti la mtu anayeanguka. Kioko alipenda kutembea kando yangu. Siku moja akaniambia bila kuinua uso, "Mutiso, wewe uko na mbio. Shida ni unaangalia mpira sana. Ukishaushika umeshika, hauendi mahali. Angalia mahali wewe unaenda."

"Nani amekuuliza?" nikasema.

"Hakuna," akasema, akaokota mbigili iliyokuwa mbele ya mguu wangu, akaitupa nje.

Tulifika fainali ya mkoa. Wapinzani walikuwa shule ya mjini, vijana wenye mapaja kama magunia, na basi lao liliposhusha mizigo tuliona kwamba kila mmoja, hata wa akiba, alikuwa na jezi mbili: moja ya kipindi cha kwanza na moja ya kipindi cha pili. Tulikodoa macho. Mimi nilikaa kwenye benchi na sweta yangu, jua la saa tisa likinipiga shingoni, mama akiwa ng'ambo ya uwanja na leso kichwani, akidhani labda nitaingia baadaye. Tangu kipenga cha kwanza nilikuwa na ombi moja. Sikuomba tushinde. Kila mara Kioko alipopata mpira nilitazama miguu yake na kuomba kitu kiipate, kidogo tu, kifundo cha mguu, msuli. Dua la kuku halimpati mwewe, na mwewe yule aliendelea kuruka, akafunga trai moja kipindi cha kwanza, na benchi zima likasimama isipokuwa mimi, nilichelewa kidogo.

Kipindi cha pili, zikiwa zimebaki dakika chache na wapinzani wakituzidi pointi tatu, vijana wao wawili walimkaba Kioko pale pale mbele ya benchi. Walimwangukia. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu. Walipoinuka, yeye hakuinuka. Alikaa chini ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, uso wake umekuwa rangi ya majivu, na chini ya shingo mfupa wa mtulinga ulikuwa umeinua ngozi.

Mwalimu Ndambuki alinitazama. "Mutiso. Vaa."

Nilisimama, na hapo ndipo sote tulipokumbuka. Nivae nini? Refa alikuwa ameshasema mapema kwamba hakuna mtu wa sweta atakayeingia. Namba kumi na nne ilikuwa moja, ilikuwa mwilini mwa Kioko, na ilikuwa imembana. Mama wa zahanati ya shule alipiga magoti na makasi yake tayari.

"Tukate," akasema. "Akijikunja huu mfupa utatoboa ngozi."

"Usikate, mama," Kioko akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ya kawaida. "Ukikata Mutiso ataingia na nini?" Kisha akanigeukia. "Njoo uvute. Anza na mkono mzima. Pole pole, lakini usisimame katikati."

Nilikuwa nimeitamani jezi ile tangu Ijumaa ile mbele ya ghala. Katika ndoto zangu nilikuwa nimeivua mwilini mwake mara nyingi. Sasa nilipiga magoti nikaivua kweli. Niliutoa mkono wake wa kushoto, nikaipitisha shingo juu ya kichwa chake, na alipoinamisha bega ili kola ipite nilimsikia akivuta pumzi kupitia meno, pumzi ndefu isiyokwisha. Niliiteremsha kwenye mkono wa upande uliovunjika. Mwili wake wote ulitetemeka kama wa mbuzi aliyenyeshewa. Hakulia. Jezi ilipotoka mkononi mwake watu wakaanza kupiga makofi, kwanza wachache, kisha uwanja wote, hata vijana wa mjini. Nikaivaa ikiwa na joto lake na jasho lake. Hakuna aliyenitazama nikiivaa.

Mpira ulinifikia mara moja tu. Niliushika, nikatazama mbele, nikaona uwazi kati ya kijana mmoja na mstari wa pembeni, nikapita. Sikumbuki zaidi. Nakumbuka ardhi ikinichuna tumbo, na filimbi. Trai ni pointi tano. Mechi ikaisha.

Nilisimama nimeinua mikono, vumbi mdomoni, nikawaona wenzangu wanakuja mbio, Nzioka mbele yao akipiga mayowe, na nikafungua mikono kuwapokea. Walinipita. Walikwenda hadi kwenye benchi, ambako Kioko alikuwa amekaa kifua wazi, mkono wake umefungwa kwa tai ya shule. Kwa kuwa hawakuweza kumbeba mtu mwenye mfupa uliovunjika, walibeba benchi. Walilishika pande nne wakalinyanyua na yeye juu yake, wakazunguka nalo uwanja taratibu, wakiimba. Nilibaki kwenye kona nimesimama na mpira. Hata benchi langu, nikawaza. Muhula mzima nilikuwa nimelikalia mimi, na siku ya kwanza alipolikalia likawa kiti cha enzi.

Mama peke yake ndiye aliyevuka uwanja kuja kwangu. Alinifuta vumbi usoni kwa leso yake, akasema nimefanya vizuri, kisha akasema, "Twende tukamwone yule mtoto."

Mwaka uliofuata jezi ilikuwa yangu. Kioko hakucheza tena. Kila Ijumaa iliruka kutoka kwenye kiondo ikanijia bila ubishi, na niliidaka bila raha, maana watu walisema Mutiso anamshikia Kioko nafasi. Baada ya shule niliondoka. Nimepakia saruji Athi River, nimeendesha lori Isiolo, nimelinda ghala Mombasa. Nimeacha kazi nyingi, na nikijikagua naona kwamba nyingi niliziacha wiki ile ile mwenzangu aliposifiwa. Mwaka huu nilipita Machakos nikakuta vijana wakifanya mazoezi kwenye nyasi za kijani, kila mmoja na jezi yenye jina lake mgongoni. Hakuna anayemvua mwenzake. Nilisimama kwenye uzio nikijaribu kukisia nani kati yao anatamani miguu ya nani ivunjike, na sikuweza kumtambua.

Nikaendelea hadi Matuu. Kioko ana maembe na mapapai, mke na watoto watatu, na mkono wa kulia usiopanda kupita sikio. Alinijua kabla sijashuka barabarani. Aliwaita watoto wake waje wanisalimie. "Huyu ndiye Mutiso," akawaambia, "yule alifunga." Ikawa wazi kwamba wameshasikia habari zangu. Akaisimulia trai yangu yote, nilivyoinamisha bega, nilivyobadilisha mguu, kijana wa mjini alivyoshika hewa, hatua ambazo mimi mwenyewe sikujua nilizipiga. Alikuwa amekaa na mfupa uliovunjika na bado aliona yote hayo. Nilimwonea wivu palepale, upya, kama kijana wa bwenini.

Kisha binti yake mdogo akaniuliza, "Na baba? Ile yake ya kipindi cha kwanza ilikuwa aje?"

Kioko akacheka, akaangalia chini kwa haya, akangoja. Aliitaka kweli. Hakuwa na mtu mwingine wa kuisimulia mbele ya watoto wake, na mimi nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka mahali alipopita. Nikatafuta kichwani. Niliyaona magoti yake, vifundo vyake vya mguu, viatu vilivyombana. Mbio zenyewe sikuziona.

"Baba yenu," nikasema, "alipita watu watatu."

"Walikuwa wawili," Kioko akasema kwa upole, akanikatia embe.