Nilivyomwaibisha mjomba mbele ya wakwe kwa sababu ya bua la mpapai

Wakuu, salaam. Kama baruti itafika chini palepale, bomba la nini?

Swali hilo lilinishinda siku ile. Nasimulia lilivyotokea, chumvi sijatia.

Kwetu Janga, Kibaha vijijini, bibi harusi hatoki ndani mpaka gobore lilie. Mpigaji ni mjomba Shomari, gobore lake la kufukuzia nguruwe shambani, kibali anacho. Siku hiyo anaolewa dada yangu, wakwe kutoka Kisarawe wamejaa uani.

Mjomba ana utaratibu wake. Anakata bua refu la jani la mpapai, lile lenye uwazi ndani kama bomba, analisimamisha kwenye mdomo wa gobore, anamimina baruti humo kidogo kidogo kama anampa mtoto dawa. Gololi haweki, ni mlio tu.

Mimi nina digrii na mdomo. Nikauliza kwa sauti:

"Mjomba, hilo bua linasaidia nini?"

"Baba yangu alifanya hivi, Msomi."

"Hiyo si sababu. Hayo ni mazoea."

Wakwe wakacheka. Mjomba akanitazama, akatupa bua, akamimina kwa mkupuo.

Gobore likatoa pfff. Na moshi.

"Jamani, lina mafua! Lipeni tangawizi!" mama mmoja wa Kisarawe akapaza sauti. Dada yangu akatoka ndani kwa vicheko badala ya mlio.

Baba mkwe akauliza, "Mzee mwenzangu, kulikoni?"

"Uzee tu. Mkono umetetemeka."

Hakunitaja. Nikakimbilia jikoni, nikajifanya nakuna nazi.

(Sisemi bua ndiyo sababu pekee, mvua nayo ilikuwa imenyesha sana.)

Baadaye nikasoma kuwa hata wanaojaza risasi za rifle kwa mkono humimina baruti kupitia bomba refu, drop tube wanaiita, ili punje zishuke taratibu na kujipanga zikibanana. Kumbe jibu lilikuwepo. Tusiolijua tulikuwa wawili, aliyeaibika mmoja.

Harusi zilizofuata mjomba amekataa kupiga.

Nilichojifunza: swali zuri, ukiliuliza mbele ya wakwe, ni tusi. Mliowahi kumvunjia heshima mkubwa wenu hadharani, mlimrudia vipi? Mimi bado sijaweza.

Na hili mama kaniambia juzi tu: ujanani mjomba alimuuliza babu swali hilohilo. Babu alimjibu kwa kofi.